Kifua Kikuu Kisicho cha Kifua



Juma hili tuziache ngeli zipumzike. Nataka tulichambue jina moja la ugonjwa, kwa sababu nimeshuhudia hapa Ndera jinsi jina linavyoweza kumchelewesha mtu kupata dawa, na kwa sababu wewe unayejifunza Kiswahili utaulizwa siku moja, na jirani au na shangazi yako, maana ya maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi ya hospitali.

Jina lenyewe ni kifua kikuu. Kwa kanuni tulizozisoma ni rahisi kulifungua: kifua ni nomino ya ngeli ya KI-VI, na kikuu ni kivumishi chenye mzizi -kuu, ule ule wa barabara kuu na mji mkuu. Anayelisikia kwa mara ya kwanza huelewa kwamba ni maradhi makubwa ya kifua, na picha inayomjia ni ya mtu anayekohoa na kutema makohozi, pengine yenye damu. Kama jina la kufundishia, ni jina zuri. Tatizo lake ni kwamba hufundisha nusu ya habari kisha hunyamaza.

Bakteria wanaoleta ugonjwa huu, ambao Robert Koch aliwatangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, huingia mwilini kwa hewa tunayovuta, na kwa kawaida hutua kwanza mapafuni. Lakini hawalazimiki kubaki huko. Wakiingia katika damu husafiri hadi kwenye tezi, figo, utando wa ubongo na mifupa. Katika mifupa, mahali wanapopapenda zaidi ni uti wa mgongo: takriban nusu ya wagonjwa wa kifua kikuu cha mifupa na viungo huugua hapo. Basi hatuna budi kusema "kifua kikuu cha uti wa mgongo", maneno ambayo, ukiyatafakari, yanagombana yenyewe kwa yenyewe. Kinyarwanda kimeuepuka ugomvi huo, kwani neno igituntu halitaji kiungo chochote. Unaweza kusema igituntu cyo mu magufa, yaani cha mifupani, bila sikio la msikilizaji kushtuka.

Na jihadhari na mtego mwingine uliopo jirani. "Homa ya uti wa mgongo", unayoisikia redioni, ni ugonjwa tofauti: ni maambukizi ya utando unaozunguka ubongo na uti wa mgongo, na huweza kuua kwa muda mfupi sana. Huu ninaouzungumzia mimi una mwendo wa kobe. Huchukua majuma, miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, kabla mtu hajajua anaumwa nini.

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili. Neno hilo hutumika pia kwa muwa na mwanzi: ni kile kipande kilicho kati ya fundo na fundo. Kati ya pingili na pingili kuna gegedu laini kama mto, na nyuma yake limepita tundu refu ambamo umelala ugwe, ule uzi mnene wa mishipa ya fahamu unaoshuka kutoka ubongoni. Bakteria huanza kuila sehemu ya mbele ya pingili, karibu na gegedu, na kwa kawaida huzishika pingili mbili zinazopakana. Mbele ikimomonyoka na nyuma ikabaki imara, mgongo huinamia mbele kama nyumba ya udongo iliyolowa mvua upande mmoja. Nje huonekana nundu. Usaha hukusanyika kando ya mifupa, na kwa kuwa hauleti joto wala wekundu kama wa jipu la kawaida, madaktari huliita jipu baridi. Jipu hilo huweza kuteremka kwa kufuata misuli hadi likajitokeza kinenani, mbali kabisa na lilikoanzia. Usaha huo, au kipande cha mfupa uliovunjika, ukiusonga ugwe, miguu huanza kuwa mizito, kisha hufa ganzi, kisha hupooza.

Ni ugonjwa wa kale. Katika maiti iliyokaushwa ya kuhani wa Misri aliyeitwa Nesperehan, aliyeishi miaka 3,000 hivi iliyopita, wachunguzi walikuta mgongo uliopinda na dalili za jipu kando yake. Daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliueleza mwaka 1779, na hadi leo vitabu vya tiba huuita ugonjwa wa Pott.

Kiswahili nacho kiliuona zamani, ijapokuwa hakikujua kinachokiona. Neno kibyongo, ambalo wengine huliandika kibiongo, humtaja mtu mwenye nundu mgongoni. Limo katika kundi moja na kipofu, kiziwi na kiwete: nomino za watu zilizovishwa kiambishi ki-, ambacho ndicho kile kile cha vitu na cha udogo. Kisarufi tunasema "kibyongo amekuja", wala si "kibyongo kimekuja", kwa hiyo upatanisho humrudishia mtu huyo utu ambao kiambishi kimemnyang'anya. Hata hivyo mimi huwashauri wanafunzi wangu waseme "mtu mwenye kibyongo". Si kila kibyongo kililetwa na kifua kikuu, maana wapo wanaozaliwa na mgongo uliopinda, na wapo walioanguka. Ila katika hao tuliowacheka kwenye hadithi za jioni, bila shaka walikuwamo wagonjwa ambao ugonjwa wao ulizima wenyewe kabla dawa hazijapatikana, ukawaachia umbo hilo kama risiti.

Sasa nikueleze yaliyompata jirani yangu. Alikuwa motari, kama tunavyowaita hapa Kigali waendesha pikipiki za abiria. Kijana wa miaka 24 mwenye kofia mbili, moja ya kwake na moja ya abiria, aliyeanza kazi saa kumi na moja alfajiri katika njia ya kutoka Ndera kupitia Mulindi hadi Remera. Alipoanza kulalamika kwamba mgongo unamuuma, hakuna aliyeshangaa. Motari gani asiyeumwa mgongo? Sababu ilikuwa imekaa chini yake mchana kutwa, ina magurudumu mawili.

Alinunua vidonge vya maumivu katika duka la dawa. Alikandwa kwa mafuta na mzee mmoja anayesifika kwa mikono yake. Alipunguza saa za kazi, na maumivu hayakupungua. Hapo ndipo palipokuwa na dalili ambayo ningependa uikariri kama unavyokariri methali: maumivu ya uchovu hupoa mtu akilala, ilhali ya ugonjwa huu humwamsha usiku. Alikuwa akiamka fulana imelowa jasho. Mkanda wa suruali ulisogea matundu mawili. Mama yake alidhani kuna msichana aliyemnyima usingizi. Katika zahanati moja aliyokwenda aliulizwa kama anakohoa. Alisema hakohoi, na alikuwa mkweli. Swali la kifua kikuu likafungwa hapo.

Aliyeuliza aliuliza kama jina la ugonjwa lilivyomfundisha. Yatazame mabango ya afya popote uendapo katika nchi zetu: mtu amejishika kifua, mdomo uko wazi, na maandishi yanamwambia anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi akapimwe. Ushauri huo ni sahihi, kwa kuwa anayekohoa ndiye anayewaambukiza wengine, na serikali yoyote yenye busara itamtafuta huyo kwanza. Lakini mimi sijaona bango lenye picha ya mgongo. Na wagonjwa wengi wa uti wa mgongo hawana kikohozi hata kidogo, wala mapafu yao hayaonyeshi kitu.

Ulikuwa mwezi wa tano wa maumivu hayo pikipiki ilipomlalia. Alisimama kwenye taa za barabarani, akateremsha mguu wa kushoto ili aiegemeze, mguu haukuitika. Abiria hakuumia, yeye alichubuka kiwiko. Juma lililofuata alikuwa akijikwaa kwenye sakafu tupu. Kituo cha afya kilimwandikia barua ya rufaa, ambayo bila yake bima ya afya ya jamii, ile tunayoiita mituweli, hailipii matibabu ya hospitali ya juu. Barua ilimwelekeza kwa wataalamu wa mishipa ya fahamu, Ndera.

Kama hutoki Rwanda, hapa unahitaji maelezo. Ndera ni kata ya wilaya ya Gasabo, upande wa mashariki wa jiji la Kigali, na juu ya kilima chake ipo hospitali inayoitwa CARAES Ndera, iliyoanzishwa mwaka 1968 na shirika la mabruda wa Kikatoliki lililotoka Ubelgiji, ikapokea wagonjwa wa kwanza mwaka 1972. Hutibu magonjwa ya akili, na pia hutibu magonjwa ya mishipa ya fahamu: kifafa, kiharusi, miguu inayokataa kutii. Jina lake rasmi lina sehemu zote mbili, ila wananchi wameikariri moja. Kwa Wanyarwanda wengi Ndera si mahali tena, ni hali ya mtu. Watoto hutishana kwamba watapelekana Ndera. Nikiwa mjini nikasema ninakoishi, mara nyingi kuna tabasamu dogo kabla ya swali linalofuata.

"Mwanangu hana wazimu," mama yake alisema alipoambiwa barua inakoelekea. "Kinachougua ni miguu, si kichwa." Akaikunja barua akaiweka chini ya godoro. Kutoka mlangoni kwao hadi kwenye lango la hospitali hiyo ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Barua ilikaa chini ya godoro siku 19, na katika kila siku ya hizo ugwe ulikuwa ukisongwa.

Siku ya 20 aliileta kwangu. Hakuwa amebadili nia. Alitaka kujua kama mwalimu ataweza kusoma ndani yake jina la hospitali nyingine. Iliandikwa kwa Kifaransa kilichochanganyika na Kiingereza, kwa mwandiko wa mtu mwenye wagonjwa arobaini wanaomsubiri. Nilimsomea mstari kwa mstari, kwa Kinyarwanda: miguu imekuwa dhaifu, mgonjwa anajikwaa, mishipa ya fahamu ichunguzwe. Akaniuliza neno wazimu liko wapi. Nikamwambia halimo. Akaniomba nisome tena, nami nikasoma tena, nikifuatisha kidole ili aone kwamba siruki kitu. Nilimweleza pia kwamba katika ikigo nderabuzima, jina ambalo kila Mnyarwanda huliita kituo cha afya, imo sauti hiyo hiyo ndera, kutoka kitenzi kurera, ndugu wa damu wa kulea cha Kiswahili. Kituo kinacholea afya. Hilo halikumgusa. Walimu wa lugha tuna tabia ya kudhani kwamba asili ya maneno ni dawa. Kilichomgusa ni ile nafasi tupu mahali alipotarajia kuliona neno lile.

Kesho yake tulimpeleka kwa gari la jirani, maana mteremko wa kwao ulikuwa umemshinda. Wazee waliotusindikiza walikumbushana ingobyi, machela ya kusukwa ambayo zamani majirani waliibeba mabegani kumfikisha mgonjwa kwa mganga. Kinyarwanda hutumia neno hilo hilo kwa kile anachobebewa mtoto mgongoni, ambacho Kiswahili hukiita mbeleko. Mama wa kijana alisikiliza bila kusema neno.

Daktari wa Ndera alimgonga magoti kwa nyundo ndogo, na miguu ikaruka kuliko inavyopaswa. Alimgusa nyayo kwa pamba. Alimwambia afumbe macho, akawa anakiinua na kukiinamisha kidole gumba cha mguu, na kumwuliza kiko juu au chini. Kijana alikosea mara tatu. Kisha alipitisha kidole chake polepole kwenye uti wa mgongo, pingili baada ya pingili, kikasimama kati ya mabega, mahali palipokuwa na kinundu kisichozidi punje ya hindi. Mama aliomba naye aguse. Alipogusa aliuliza imekuwaje yeye aliyemwogesha mtoto huyu asikione. Daktari alimjibu kwa upole kwamba kijana wa miaka 24 haogeshwi tena na mama yake.

Siku hiyo hiyo alipelekwa katika hospitali kubwa ya mjini kupigwa picha. Eksirei ya kawaida hukawia kusema ukweli juu ya mgongo, kwa kuwa mfupa lazima upoteze sehemu kubwa ya madini yake, theluthi moja au zaidi, kabla uharibifu haujaonekana. Picha ya MRI huona mapema zaidi: huonyesha mfupa, gegedu, usaha na ugwe wenyewe. Kwenye picha yake, pingili mbili za kifuani zilikuwa zimelika, na mfuko wa usaha ulikuwa ukiusukuma ugwe nyuma.

Hata hivyo picha si hukumu. Saratani huweza kuingia uti wa mgongo, na bakteria wengine pia. Katika nchi yetu inayopenda maziwa kuna mshukiwa mwingine: bruselosi, ugonjwa wa ng'ombe unaotufikia kwa maziwa mabichi na unaopenda mgongo vilevile. Dawa zake ni tofauti. Kwa sababu hiyo madaktari hutaka kinyama, yaani kipande kidogo kinachochukuliwa kwa sindano ndefu inayoongozwa na picha, kisha hukipeleka maabara. Sehemu yake huoteshwa, jambo linalochukua majuma, na sehemu nyingine huingizwa katika mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwishoni mwa mwaka 2010. Mashine hiyo hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na husema pia kama bakteria hao ni sugu kwa rifampisini, dawa iliyo nguzo ya tiba.

Majibu tulipewa na daktari kijana kutoka Kigoma, Tanzania, aliyekuwa Kigali kwa masomo ya ubingwa. Kinyarwanda chake kilikuwa cha salamu tu, basi mimi nikawa mkalimani. "Ni kifua kikuu cha uti wa mgongo," alisema. Nikatafsiri igituntu. Kijana akajipapasa kifua. "Mwambie sikohoi," akaniambia, kama mtu anayekata rufaa. Daktari alipotafsiriwa hayo alichukua kalamu, akachora mtu bila uso, akaweka alama mapafuni, akavuta mstari hadi mgongoni. Mchoro ule ulikuwa bora kuliko tafsiri yangu.

Mama alikuwa na swali lake: sahani na vikombe je? Kifua kikuu huambukizwa kwa hewa kutoka kwenye mapafu au koo la mgonjwa, wala si kwa chombo cha chakula. Mwenye ugonjwa mgongoni tu, ambaye mapafu yake ni safi, hamwambukizi mtu kwa kukaa naye mezani. Lakini yeye mwenyewe alimpata mdudu huyo kwa mtu fulani aliyekohoa mahali fulani, ndiyo maana nyumba nzima iliitwa kupimwa, watoto wadogo kwanza. Kijana naye alipimwa virusi vya UKIMWI, kama wapimwavyo wagonjwa wote wa kifua kikuu, na hakuwa navyo.

Ilibaki kuamua kama apasuliwe. Juu ya suala hili dunia imebishana sana. Mwanzoni mwa karne iliyopita, katika mji wa pwani wa Berck nchini Ufaransa, wagonjwa wa Pott walilazwa chali ndani ya plasta kwa miezi na miaka, wakisukumwa ufukweni kwenye vitoroli ili wapate hewa ya bahari. Dawa zilipopatikana, baadhi ya madaktari waliendelea kuwafunga plasta, na wengine, hasa Hong Kong, waliwapasua na kuunga mifupa kutoka mbele. Kuanzia miaka ya 1960 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilizilinganisha njia hizo kwa majaribio yaliyofanyika Korea, Hong Kong na Bulawayo. Korea iligundulika kwamba wagonjwa waliomeza dawa huku wakitembea walipona sawa na waliolazwa kitandani au kufungwa plasta. India naye daktari S. M. Tuli akapendekeza njia ya kati: dawa kwa wote, kisu kwa yule ambaye miguu yake inazidi kudhoofu licha ya dawa, au ambaye mgongo wake umelegea kiasi cha kutishia ugwe. Madaktari wa Kigali walifuata mantiki hiyo. Walimpa dawa na mkanda mgumu wa kiunoni hadi kifuani, wakampima nguvu za miguu kila siku, na chumba cha upasuaji kikawekwa tayari endapo zingeshuka. Hazikushuka. Katika juma la nne aliweza kuinua kisigino.

Dawa zenyewe ni nne mwanzoni: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, zikiwa zimeunganishwa katika kidonge kimoja kikubwa, na idadi ya vidonge hufuata uzito wa mgonjwa. Baada ya miezi miwili hubaki mbili za kwanza. Kwa kifua kikuu cha kawaida cha mapafu, muda wote ni miezi 6. Kwa mifupa wataalamu wengi huurefusha hadi miezi 9 au 12, kwa kuwa dawa huingia kwa taabu katika mfupa uliokufa na ni vigumu kujua ni lini bakteria wa mwisho amekufa. Yeye aliandikiwa mwaka mzima. Nchini Rwanda dawa hizo hutolewa bure.

Niruhusu nijivunie kidogo kwa niaba ya ukanda wetu. Kabla ya miaka ya 1970, mgonjwa wa kifua kikuu Afrika Mashariki alimeza dawa kwa mwaka mmoja na nusu hivi, na wengi waliacha njiani. Mwaka 1970 hospitali za Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na baraza lile lile la Uingereza, zilianza majaribio yaliyoonyesha kwamba miezi 6 inatosha kwa mapafu ikiwa rifampisini imo. Kisha, kuanzia mwaka 1977, Tanzania na daktari Karel Styblo walijenga utaratibu wa kumsajili kila mgonjwa, kumshuhudia akimeza dawa na kuhesabu mwishoni ni wangapi waliopona. Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo katika miaka ya 1990 likaueneza ulimwenguni. Vitabu vya uraia vingestahili ukurasa mmoja juu ya wagonjwa wale wa wakati ule, ambao majina yao hatuna.

Huko Ndera, shahidi wa jirani yangu alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, mama mwenye duka la mboga chini ya shule yetu. Kinyarwanda huwaita wahudumu hao abajyanama b'ubuzima, washauri wa afya. Kila asubuhi alimtazama akimeza, kisha akaweka alama kwenye kadi. Yeye ndiye aliyemwonya kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, kwa sababu ya rifampisini. Mgonjwa mwingine kabla yake alidhani anatoka damu akaacha dawa. Alimwambia aseme upesi macho yakiwa manjano, akianza kuona rangi vibaya au nyayo zikimchoma. Alimwongezea na mchicha, ambao haukuandikwa na daktari yeyote.

Mwezi wa tatu ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza. Maumivu yalikuwa yamekwisha, kilo saba zimerudi, na mkopo wa pikipiki haukuwa umelala hata siku moja. Aliniuliza kwa nini aendelee kumeza ilhali amepona. Sikuwa na jibu la hekima. Nilimwambia aliyeandika "mwaka mmoja" ameona mifupa mingi kuliko sisi wawili. Mama yake alikuwa na jibu fupi zaidi: aliificha funguo ya pikipiki chini ya godoro lile lile.

Alimaliza mwaka wake. Anatembea bila fimbo, ijapokuwa ngazi humchosha, na nundu imebaki na itabaki, kwa kuwa dawa huua bakteria lakini hairudishi mfupa ulioliwa. Pikipiki iliuzwa. Siku hizi anatengeneza simu katika kibanda kilicho karibu na lango la hospitali, na wateja wake wengi ni wauguzi. Mama yake hunifuata akiwa na watu asiowajua vizuri, wenye barua za rufaa zilizokunjwa mara nne, nami huzisoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Alhamisi iliyopita alimleta mzee mmoja kutoka kilima cha pili, aliyekuwa ameificha barua yake majuma mawili kwa hofu. Ilikuwa ya daktari wa meno.